Sura ya Tano: Haki ya Kupita

Stesheni ya Tring iko kilomita mbili na ushei nje ya mji wenyewe, na kwa mtu anayekuja kutembea hiyo ni heri. Treni ikitoka Euston, London, inafika hapa kwa kama dakika 40. Ukishuka hukutani na maduka wala foleni ya magari. Kuna barabara moja, nyumba chache, na ukielekea magharibi kwa mwendo mfupi umefika kwenye mfereji. Kundi letu hukutana nje ya stesheni Jumapili asubuhi, mwanzoni mwa Mei, wakati jua la Uingereza limeanza kupata nguvu na matope ya majira ya baridi yameanza kukauka. Wamo wastaafu wa Kiingereza wenye fimbo mbilimbili na ramani zilizoning'inia shingoni. Wamo wanafunzi, wamo wauguzi waliotoka zamu ya usiku, na tumo sisi Waswahili wachache ambao kabla ya lolote tunatafutana kwa macho tuamkiane. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, mbona siku nyingi. Kisha ndipo tunakumbuka kukaza kamba za viatu.

Kiongozi wa matembezi anahesabu vichwa, anaeleza njia, halafu anachagua mtu wa kufunga mkia. Huyo wa mkia hatakiwi kumpita yeyote hadi jioni. Akisimama mtu kuvuta pumzi, naye anasimama, na kwenye kila njia panda walio mbele wanangoja mpaka wamwone. Kwa utaratibu huo mdogo, watu wasiojuana hata majina wanavuka kaunti mbili bila kupotezana.

Njia yetu ni ya duara. Tunafuata mfereji kwenda kaskazini hadi kijiji cha Marsworth, tunakata mashambani kuelekea Pitstone, tunapanda vilima vya chaki, tunaingia msitu wa Ashridge, tunateremka kijiji cha Aldbury na kurudi stesheni kabla ya giza. Ni siku nzima ya kutembea. Atakayeifuata kwa ajili ya mandhari atashiba mandhari. Lakini tangu nilipoanza kutembea huku kuna jambo moja limenikaa moyoni, na sura hii nimeiandika kwa ajili yake: katika siku hiyo moja tunapita kwenye ardhi za namna tatu, na kila moja tunaruhusiwa kuipita kwa sababu tofauti na mwenzake. Kwenye mfereji tunapita kwa ridhaa ya mwenyewe. Kwenye mashamba tunapita kwa haki, mwenyewe atake asitake. Na msituni, karibu na pale tutakapolia chakula chetu, kuna ardhi iliyobaki wazi kwa sababu watu waling'oa uzio usiku wa manane.

Tuanze na maji. Mfereji huu ulipewa kibali cha Bunge mwaka 1793 kwa jina la Grand Junction, mhandisi wake mkuu akiwa William Jessop, na kufikia 1805 mashua ziliweza kwenda moja kwa moja kati ya London na mikoa ya viwanda ya katikati ya Uingereza. Mwaka 1929 uliunganishwa na mifereji mingine ukaitwa Grand Union, jina ulilo nalo mpaka leo. Ulichimbwa kwa sepetu, sururu na toroli. Ukitoka karibu na stesheni, mfereji unapita katikati ya bonde refu lililochimbwa na binadamu, kingo zake zimepanda juu ya kichwa na kufunikwa na miti, na kuna ubaridi humo hata siku ya jua. Kila tani ya udongo uliotoka hapo ilibebwa na mtu.

Kwa nini walihangaika hivyo? Kwa sababu hapa ndipo mfereji unapovuka mgongo wa vilima vya Chiltern. Tring ni kilele chake, kama mita 120 juu ya usawa wa bahari, na maji hayapandi mlima. Mashua inapanda kwa loki. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Mashua inaingia chini, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanafunguliwa kutoka juu, chumba kinajaa na mashua inainuka nayo mpaka inalingana na mfereji wa juu. Pale Bulbourne, ambapo kulikuwa na karakana iliyotengeneza milango ya loki kwa miaka mingi, unaanza mteremko wa loki saba kwenda Marsworth. Kundi letu halijawahi kupita hapo bila kusimama.

Siku ninayoisimulia hapa kulikuwa na boti nyembamba ikipanda, mama mmoja wa makamo akiiongoza loki na mumewe akiwa kwenye usukani. Alichomeka mkono wa chuma kwenye ekseli ya vali, akauzungusha kwa nguvu za mabega, meno ya chuma yakalia moja baada ya jingine, na chini kwenye giza la chumba maji yakaanza kuchemka rangi ya chai. Boti ikayumba, ikainuka, kwanza paa lake, kisha madirisha yenye mapazia, kisha masufuria ya maua. Alipoona maji ya pande zote yamelingana, alikaa juu ya boriti ndefu ya mlango, akageuza mgongo, akaweka visigino kwenye matofali yaliyotokeza ardhini kwa kazi hiyo hiyo, akasukuma kwa makalio. Mlango ule ukaachia polepole. Matofali hayo yamelika katikati kwa visigino vya watu. Tulipomwomba tumsaidie upande wa pili hakusita, na bwana mmoja wa kwetu, fundi makanika wa Mombasa aliyehamia Luton, akausukuma mlango wake kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake siku nyingine.

Kila chumba cha loki kikijaa mara moja kinameza kama lita 250,000. Boti ikivuka kilele inateremsha chumba kimoja cha maji upande huu na kimoja upande ule, yaani kama nusu milioni ya lita kwa boti moja, na kwenye kilele hakuna mto wa kurudisha maji hayo. Ndiyo maana yakachimbwa mabwawa: Wilstone lilianza kujengwa mwaka 1802, kisha yakafuata ya Marsworth, Tringford na Startops End. Walichimba pia tawi la kuleta maji kutoka Wendover, nalo likavuja vibaya mno, hata ikafika wakati linanyonya maji kutoka kwenye mfereji mkuu badala ya kuuongezea. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu yake kubwa ilifungwa, na kwa miaka sasa watu wa kujitolea wamekuwa wakilifufua kipande kwa kipande.

Mabwawa yale yaliyojengwa kwa ajili ya makaa ya mawe na mbao leo ni ya ndege. Mwaka 1938 ndege mdogo wa ufukweni aitwaye chekehukwa kwenye vitabu vya wapenda ndege, mwenye pete ya njano kuzunguka jicho, alitaga na kulea makinda hapa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa jamii yake kuonekana ikizaliana nchini Uingereza. Wenye darubini bado wanakuja.

Njia tunayokanyaga kandokando ya maji haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Ilikuwa ya farasi. Farasi mmoja alivuta mashua yenye shehena ya tani 25 hadi 30, mzigo ambao barabarani, kwa mikokoteni ya wakati ule, ungehitaji kundi zima la wanyama. Kwenye madaraja mengi ya mifereji ya nchi hii utaona mifereji midogo iliyochimbika kwenye kona za mawe na vyuma. Ni alama za kamba. Kamba iliyolowa maji, imeshika mchanga, ikikwaruza pale pale kwa miongo mingi, inakula chuma. Nimewahi kuweka vidole vyangu vinne ndani ya alama moja vikazama.

Njia hiyo ilikuwa mali ya kampuni, na sehemu kubwa ya njia za mifereji mpaka leo haimo katika orodha ya njia za umma. Tunapita kwa sababu wenyewe wameridhia. Mifereji ilitaifishwa mwaka 1948, na tangu 2012 mingi ya England na Wales iko chini ya shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust, linalotunza kama kilomita 3,200 za njia za maji na kuwaacha watu watembee bure. Ni ridhaa njema nami nashukuru. Ila ridhaa ni kitu ambacho mtoaji anaweza kukirudisha mfukoni.

Baada ya Marsworth tunauacha mfereji na mambo yanabadilika. Kwenye kona ya ua kuna nguzo yenye kishale cha njano. Kishale hicho, kisichozidi kiganja cha mtoto, kinasema kwamba hapa kuna njia ya miguu ya umma. Kikiwa cha buluu, farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Kwenye ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000, zile ambazo wastaafu wetu wamezivaa shingoni, njia hizo zimechorwa kwa vistari vya kijani, na ukiikunjua ramani nzima unaona nchi imeshonwa kwa vistari hivyo, vikipita katikati ya mashamba, nyuma ya makanisa, hata katika viwanja vya nyumba za watu. England na Wales zina kama kilomita 225,000 za njia za namna hii.

Tulikuwa tunapita kwenye malisho ya kondoo, wanakondoo wakiwa bado na miguu mirefu kuliko miili, mama mmoja wa Tanga aliyekuja kwa mara ya kwanza aliponishika mkono.

"Hivi mwanangu, mwenye shamba akitukuta humu?"

"Atatuamkia tu, mama. Anajua tunapita."

"Anajua, au amekubali?"

"Hata asipokubali. Njia si yake."

Alisimama kidogo akaitazama nyumba ya mkulima iliyo upande wa juu, moshi ukitoka dohani, gari limeegeshwa mlangoni. "Shamba lake, njia si yake," akasema, akitikisa kichwa. "Haya. Tupite."

Nimeyafikiria maneno yake mara nyingi, maana ndivyo sheria ilivyo hasa. Ardhi ni ya mkulima, nyasi ni zake, na hata udongo ulio chini ya viatu vyetu ni wake. Haki ya kupita juu yake ni ya umma, na mkulima akiuza shamba, haki hiyo haiuzwi. Geti la kuzuia ng'ombe wasitoke anaruhusiwa kuwa nalo, kufuli hana ruhusa. Hawezi kumfungia fahali wa jamii ya ng'ombe wa maziwa aliyezidi miezi kumi kwenye uwanja wenye njia ya umma. Wajibu wetu nao upo: geti tulilolikuta limefungwa tulifunge, tufuate mstari wa njia, mbwa wafungwe kamba penye kondoo. Na ng'ombe mwenye ndama akimjia mwenye mbwa, ushauri wa wazoefu ni kumwachia mbwa akimbie, maana anayewindwa ni mbwa, na wapo watu waliouawa kwa kung'ang'ania kamba.

Haki hii ilitoka wapi? Nyingi ya njia hizi ni kongwe kuliko sheria yoyote iliyoandikwa. Ni njia za kwenda kanisani, kisimani, kinuni, kwenye soko la mji wa jirani, kazini kwa bwana. Watu walipita hadi ikawa desturi, na mahakama za Kiingereza tangu zamani zilikubali kwamba desturi ya kupita inaweza kuzaa haki. Sheria ya mwaka 1932 ililiweka wazi jambo hilo, na leo limo katika Sheria ya Barabara Kuu ya 1980: umma ukiitumia njia kwa miaka 20 mfululizo, hadharani, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, basi inachukuliwa kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na nia hiyo. Kisha mwaka 1949 Bunge likaziagiza halmashauri za kaunti zichore ramani rasmi za njia zote. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo, kuwepo kwake hakubishaniwi tena mahakamani.

Ilikuwa bahati kwetu, ingawa mwanzoni hatukuiona hivyo, kwamba mbele kidogo njia ilitoweka. Kishale kilielekeza katikati ya shamba kubwa, na shamba lile lilikuwa limelimwa na kupandwa juzijuzi tu, tuta kwa tuta, bila alama yoyote ya njia kutoka ua hadi ua. Lilikuwa la mahindi. Mahindi ya huku hupandwa wakati huo wa mwaka, na mengi hukatwa mabichi na mabua yake yakawa chakula cha ng'ombe wakati wa baridi, habari iliyomsikitisha mama wa Tanga kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo. Sheria inamruhusu mkulima kulima njia inayokata katikati ya shamba kama kuiacha kunamtatiza, lakini lazima airudishe: siku 14 kwa usumbufu wa kwanza wa msimu, na saa 24 kwa unaofuata. Ikirudishwa, njia ya miguu iwe na upana usiopungua mita moja. Njia ya pembeni mwa shamba haruhusiwi kuilima kabisa.

Baadhi yetu tulianza kuzunguka kwa pembeni, kwa heshima ya mazao. Sisi tuliokulia kwenye kulima hatukanyagi mbegu ya mtu. Kiongozi akatuita turudi. Alikuwa mpole lakini hakuwa na mzaha. Alitoa simu na ramani, akalinganisha nguzo ya upande huu na mti mmoja wa upande wa pili, akasema tukizunguka tutakanyaga mazao mengi zaidi ambako hatuna haki, na njia tutakuwa tumeiacha ife. Tupite kwenye mstari wake, mmoja nyuma ya mwenzake, mguu kwenye alama ya mguu. Tukapita hivyo, taratibu, udongo laini wa rangi ya kijivu ukijaa kwenye soli mpaka viatu vikawa vizito kama matofali. Nilipofika upande wa pili niligeuka. Wa mkia alikuwa katikati ya shamba, na nyuma yake, mahali ambapo robo saa iliyopita hapakuwa na kitu, palikuwa na njia. Nyembamba, imenyooka, imeshindiliwa, inaonekana toka ua hadi ua. Yeyote atakayekuja jioni ile hatakuwa na haja ya ramani.

Mtu mmoja asingeweza. Angeacha nyayo zake, na mvua ya usiku ingezifuta. Nadhani hii ndiyo hoja kubwa ya kutembea kwa kundi, kubwa kuliko usalama na kuliko mazungumzo. Chama cha Ramblers, kilichoundwa kitaifa mwaka 1935, kimejengwa juu ya vikundi vya mitaa vinavyopita njia za maeneo yao kwa zamu, zikiwemo zile zisizo na mandhari yoyote, ili tu zipitwe. Mwaka 2020 watu wake wa kujitolea walikaa na ramani za zamani na za sasa, mraba kwa mraba, wakatafuta njia zilizokuwepo zamani na hazimo kwenye ramani rasmi. Walikuta zaidi ya maili 49,000 kwa England na Wales, karibu kilomita 79,000. Njia zote hizo zilikuwa na watu wake. Watu wakahama, wakapata baiskeli, wakapata basi, wakafa, na hakuna aliyezisemea ramani zilipochorwa.

Siwezi kuandika haya bila kufikiria kwetu, ambako watu bado wanatembea kwa lazima, wengi wao kila siku. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inatambua njia za umma na za jamii, na ya Kenya ya 2012 vilevile. Kwenye maandishi hatuko nyuma. Lakini chunguza ni kijinjia gani cha mtaani kwako kimechorwa mahali popote. Kile cha kukatiza kwenda shule, kile cha wanawake wa kisimani, kile cha wavuvi kufika pwani. Kiwanja kikiuzwa, unajengwa ukuta, na siku inayofuata watoto wanazunguka kilomita nzima kandokando ya barabara kuu ya malori. Watu wananung'unika wiki moja, kisha wanazoea. Vijiji vyetu vina vikao, vina wazee wanaojua kila njia ilianzia kwa nani, vina simu za kuchora ramani mfukoni mwa kila kijana. Ningependa kuona vijana wa kijiji kimoja, mwaka mmoja, wakizitembea njia zao zote pamoja na wazee hao, wakazichora, wakazipeleka kwenye serikali ya kijiji zikapigwa muhuri. Ni kazi ya msimu mmoja wa kiangazi.

Vilima vya Pitstone na Ivinghoe nitavipita haraka, si kwa kuwa havina uzuri. Kuna kinu cha upepo cha mbao chini yake chenye tarehe ya 1627 iliyochongwa ndani. Kuna nyasi fupi zilizonyolewa na kondoo, chaki nyeupe inayong'aa palipokwanguka, na kwenye kilele cha Ivinghoe, mita 233, unaishia mwendo mrefu wa Ridgeway, njia ya kilomita 139 inayotoka karibu na Avebury. Upepo unapiga huko juu. Tulikaa kidogo tukaendelea.

Msitu wa Ashridge ndio nilioungojea. Mwanzoni mwa Mei, kabla majani ya juu hayajafunga, chini ya mialoni na ile miti mirefu yenye magome laini ya kijivu, sakafu yote ya msitu inageuka samawati. Ni maua madogo yenye umbo la kengele, yameinamisha vichwa upande mmoja, maelfu kwa maelfu, mpaka mbali unakoona hewa yenyewe imekuwa na rangi. Harufu yake si kali. Inakuja na kuondoka. Yana wiki chache tu za jua kabla ya kivuli, na katika wiki hizo lazima majani yake yatengeneze chakula cha kuhifadhi kwenye kitunguu kilicho ardhini. Ukikanyaga jani umekata chakula hicho, na palipokanyagwa sana huchukua miaka mingi kurudi. Kwa hiyo kundi lile lile lililoshindilia njia shambani kwa makusudi, hapa lilipita kwa kubana miguu kwenye kijinjia, wazazi wakiwashika watoto mikono. Ayala wawili walitutazama kutoka mbali, hawakukimbia.

Katikati ya msitu kuna mnara, nguzo ndefu ya mawe yenye chombo cha shaba juu, uliosimamishwa mwaka 1832 kwa heshima ya Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater, mwenye Ashridge yote wakati wake. Huyu ndiye aliyechimbisha mfereji kutoka migodi yake ya makaa ya mawe ya Worsley hadi Manchester, James Brindley akiwa fundi wake. Ulifunguliwa 1761, bei ya makaa mjini Manchester ikashuka kwa nusu, na nchi nzima ikaingiwa na homa ya kuchimba mifereji. Bila yeye pengine usingekuwepo ule tuliotoka kuufuata asubuhi.

Ardhi yake ilirithiwa, ikafika mikononi mwa ukoo wa Brownlow. Na ni ukoo huo ambao Februari 1866 ulizungushia uzio wa chuma wa kimo cha kama mita moja na nusu karibu theluthi moja ya ardhi ya pamoja ya Berkhamsted, upande wa kusini wa msitu huu. Ardhi ya pamoja maana yake wanakijiji walikuwa na haki humo: kulisha mifugo, kukata majani na kuni. Uzio ulifunga haki hizo, ukafunga na njia. Augustus Smith, mbunge wa zamani aliyekuwa na nyumba Berkhamsted, hakwenda kwanza mahakamani. Akishauriana na chama cha kutetea ardhi za pamoja kilichoanzishwa mwaka mmoja nyuma, alikodi vibarua zaidi ya mia moja wa London, watu wa shoka na sururu, na treni maalumu. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Machi treni ile ilitoka Euston ikawashusha Tring, stesheni ile ile tuliyoshukia sisi. Wakatembea gizani hadi kwenye uzio. Kulipopambazuka, kilomita kama tatu za chuma zilikuwa zimelala chini, vipande vyake vimepangwa vizuri, hakuna kilichoibiwa. Habari ilipofika mjini watu walikuja kwa magari ya farasi, kwa mikokoteni na kwa miguu, wakazunguka humo, wengine wakakata vitawi vya miiba yenye maua ya manjano waende navyo nyumbani.

Kesi ilifuata, ikachukua miaka minne. Mwaka 1870 Lord Romilly alitoa hukumu upande wa Smith. Robert Hunter, wakili kijana wa kile chama, miaka 25 baadaye alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, pamoja na Octavia Hill na Hardwicke Rawnsley, na kuanzia 1926 National Trust ikaanza kumiliki msitu wa Ashridge wenyewe. Kaskazini mbali, kwenye mlima wa Kinder Scout, Aprili 1932, vijana wa viwandani waliopanda kwa mamia kudai haki ya kutembea walikutana na walinzi wa ardhi ya kuwindia, na watano wao walifungwa jela. Kipo kitu katika hadithi hizi kinachonigusa sana. Waliozipigania njia hawakuwa wakidai ardhi. Walidai kupita tu, na wakaona kupita ni jambo la kufa na kupona.

Tulikula chini ya mnara. Chapati za jana, mayai ya kuchemsha, mikate ya jibini ya wenzetu, chai ya chupa. Mama wa Tanga aligawa kashata za nazi kwa watu wote, na bibi mmoja wa Kiingereza akazifunga mbili kwenye leso.

Ukiteremka msituni unafika Aldbury kwa dakika chache, kijiji chenye bwawa la bata na, kando yake, nguzo ya zamani ya kufungia wahalifu miguu. Kiongozi alikaa kwenye benchi la bwawani akajaza fomu ya halmashauri kwenye simu: namba ya njia, mahali penyewe kwenye ramani, picha mbili, tarehe, maelezo kwamba njia imelimwa na haijarudishwa. Akanionyesha kabla ya kutuma. Alisema kundi jingine litapita pale baada ya majuma mawili, nao watapiga picha, na kama hali ni ile ile watatuma fomu ya pili yenye kutaja ya kwanza, maana halmashauri inabanwa na sheria kuilinda njia.

Mama wa Tanga alikuwa anasikiliza. Akauliza inahitaji nini mtu kuwa kiongozi. Akaambiwa: aitembee njia yote mwenyewe kabla, akague kila geti na kila ngazi ya kuvukia ua, ajue basi na treni za kurudia, na ajue mtu akiumia atamtolea wapi. Wakati tunangoja treni aliikunjua ramani ya mstaafu mmoja juu ya magoti yake, akawa anafuata kwa kidole ule mfereji wa Wendover uliovuja, akiuliza kama kuna choo popote kati ya Tring na Wendover, na kama Septemba njia inakuwa na matope.